Swali Linalotangulia Mradi

Kwa miaka kadhaa ugali wangu ulitoka kwenye vituo vya mafuta. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, kila barabara itokayo mjini ilitaka kituo, na kila kituo kilitaka cheti cha mazingira. Mimi ni mtaalamu elekezi wa mazingira niliyesajiliwa, na kazi yangu ilikuwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira, TAM kama tunavyoiita wenyewe. Vituo vya mafuta, machimbo ya kokoto, hoteli, visima virefu. Napima umbali hadi kwa jirani, naeleza mafuta machafu yataishia wapi, naandika sura ya athari na sura ya namna ya kuzipunguza, ripoti inakwenda NEMC, baraza la taifa la mazingira, mteja anapata cheti chake, tunaagana. Ripoti zangu zilikuwa nzuri. Nalisema hilo bila haya.

Visima ndivyo vilivyonikosesha raha. Kila kimoja, ukikiangalia peke yake, hakikuwa na neno: kisima kimoja hakikaushi bonde. Ripoti ya hoteli ilisema hivyo, ya shule ikasema hivyo, ya kiwanda cha matofali ikasema hivyo, na zote zilikuwa kweli. Huku mtaani maji ni ya mgao, watu wanaamka usiku wa manane kujaza simtanki, na maboza yanapishana barabarani kama daladala. Dodoma Jiji ilihesabiwa watu 410,000 na ushei mwaka 2012. Sensa ya 2022 ikakuta karibu 765,000. Hakuna ripoti yangu hata moja iliyotakiwa kuuliza maji ya watu hao wote yatatoka wapi. Mteja wangu alikuwa na kiwanja kimoja, na hadidu za rejea zilikomea kwenye uzio wake.

Niliposikia kuna mafunzo ya Tathmini ya Mazingira Kimkakati, TMK, hapahapa Dodoma, nilikwenda kwa sababu isiyo na utukufu: nilitaka kuongeza karatasi kwenye wasifu wangu ili nishinde zabuni. Warsha nazijua. Kuna utambulisho mrefu, picha ya pamoja, chai ya saa nne na sambusa, na mtu mmoja ambaye swali lake la kwanza kila mara ni la posho. Yote hayo yalikuwepo.

Sheria nilidhani naijua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ina kifungu cha 104, kinachotaka sera, miswada, kanuni, programu na mipango yenye uzito kwa mazingira ifanyiwe tathmini ya kimkakati, na cha 105, kinachoitaka wizara yenyewe, ya madini, nishati au maji, ifanye tathmini hiyo kabla mradi mkubwa wa sekta yake haujapangwa kwa undani. Kanuni zake zilitoka 2008. Nilikuwa nimevipita vifungu hivyo mara nyingi nikielekea kwenye vile vinavyonilipa. Tofauti ni kubwa kuliko nilivyodhani. TAM inaletewa mradi na kuulizwa utadhuru nini. TMK inaukuta mpango ungali rasimu, na ina haki ya kuuliza kama mpango wenyewe ndio unaofaa. Tathmini ya namna hii haiishii NEMC, inapelekwa Ofisi ya Makamu wa Rais, kwa waziri mwenye dhamana ya mazingira, kwa kuwa anayeulizwa ni serikali.

Maelezo hayo peke yake yasingenibadilisha. Kilichonibadilisha ni karanga.

Mwezeshaji alitupa zoezi: mwaka ni 1946, nyinyi ndio timu ya tathmini, Uingereza imetoka vitani na haina mafuta ya kula. Kila Mtanzania aliyepita shule amesikia habari ya mpango wa karanga wa Kongwa, na wengi tumeusikia kama kichekesho: matrekta yaliyotengenezwa kwa kugeuza vifaru vya vita, mibuyu iliyogoma kung'oka, fedha za Waingereza zilizopotea vichakani. Safari hii tulikatazwa kucheka. Tulipewa yale tu ambayo mtu wa 1946 angeweza kuyajua. Wazo lilitoka kwa Frank Samuel wa kampuni ya United Africa. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka wiki tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza zaidi ya ekari milioni tatu. Kongwa ilionekana ardhi tupu, tambarare, iliyo karibu na reli. Takwimu za mvua zilikuwa haba.

Kundi letu lilianza kama wataalamu wa TAM wanavyoanza. Tukajaza bango kitita: vumbi, mmomonyoko, kambi za vibarua, mafuta ya matrekta, makaburi ya kuhamishwa. Kwa kila athari tukaweka dawa yake. Saa moja baadaye tulikuwa na hati safi kabisa ya kuruhusu mpango wa karanga uendelee.

Mezani kwetu alikuwepo fundi maji mstaafu, Mgogo, aliyekaa kimya muda wote akichezea kofia yake. Kijana aliyekuwa akiandika akamgeukia.

"Mzee, wewe huna la kuongeza?"

"Ninalo swali tu, mwanangu. Hiyo ardhi tupu. Kuna mtu aliyeuliza kwa nini ni tupu?"

Tukanyamaza. Wagogo si wageni wa Kongwa, na kama ardhi ile ilionekana tupu, haikuwa kwa uvivu wao. Udongo wa kule hushikamana kiangazi ukawa mgumu kama sakafu ya saruji, hata karanga zilizokomaa hazichimbiki, na mvua huja ikitaka. Mtu angeweza kuambiwa hayo kwa kikao kimoja chini ya mti. Msimu wa kwanza, 1947, ulilengwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata sehemu moja ya kumi. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa mpango umekufa, ikafuta hasara ya pauni milioni 36 hivi.

Lakini mwezeshaji hakutaka tuishie kwenye udongo. Alituuliza tatizo lilikuwa nini. Tukajibu: kulima karanga Kongwa. Akakataa. Tatizo lilikuwa mafuta ya kula Uingereza, na kwa tatizo hilo Kongwa ilikuwa jibu moja tu kati ya mengi. Miaka ileile karanga za wakulima wadogo zilikuwa zimerundikana Kano, kaskazini mwa Nigeria, zikisubiri mabehewa ya kuzifikisha bandarini. Kununua mabehewa ilikuwa njia mbadala. Hakuna TAM ya Kongwa, hata iandikwe na malaika, ambayo ingefika kwenye mabehewa ya Kano, kwa sababu swali lake linaanzia Kongwa.

Usiku ule nilifungua ripoti zangu za zamani kwenye kompyuta nikasoma sura moja tu ya kila moja, ile ya njia mbadala. Huwa ni ukurasa mmoja, pengine nusu. Sheria inaidai, nasi tunaiandika. Njia mbadala ya kituo cha mafuta ni kituo hichohicho kikisogezwa kidogo, au kutokuwepo kituo, jambo ambalo mistari mitatu inatosha kulikataa. Kwa mwenye kiwanja kimoja hapakuwa na nafasi ya zaidi ya hapo. Mbadala wa kweli ulikuwa umeshafungwa ghorofani, kwenye ofisi za mipango, na miaka mingi mimi nilikuwa nafika mlangoni baada ya kikao kuvunjika.

Siku iliyofuata tulirudi kwenye maji. Mji huu umeishi kwa miongo mingi kwa visima vya Makutupora, kaskazini, ukishika njia ya Kondoa, karibu na mashamba ya zabibu. Vipimo vya kina cha maji yake vimewekwa tangu miaka ya 1950, jambo la nadra Afrika, na mafundi kama yule mzee ndio walioviweka, mwezi baada ya mwezi, bila mtu kuwaandika gazetini. Mwaka 2013 mtafiti Richard Taylor na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa vipimo vya miaka 55. Miaka mingi maji hushuka tu. Mvua ya kawaida, ile tunayoishukuru kwa mtama na uwele, haiongezi kitu cha maana chini ya ardhi. Bonde hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, mara nyingi ya El Niño, na mjazo mkubwa kuliko yote ulikuwa wa 1997/98. Mvua ileile iliyong'oa madaraja na reli, tuliyoilaani sote, ndiyo iliyotunywesha kwa miaka iliyofuata.

Mtu akishajua hilo, hasomi tena ramani ya Dodoma kwa macho yaleyale. Maji hayo huingia ardhini kupitia makorongo na mabonde ya mchanga ambayo miaka mingi hukaa makavu, na korongo kavu machoni pa mpima viwanja ni ardhi tupu. Hapo ndipo neno la yule mzee liliponirudia. Mji ulipangwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, mpango kabambe wa 1976, wenye mitaa ya kutembea kwa miguu na mikanda ya kijani. Sasa tunao wa 2019 hadi 2039, wenye mji wa serikali wa Mtumba, reli ya kisasa na barabara za mzunguko. Swali la ni wapi mvua ya El Niño ijayo itaruhusiwa kuzama linajibiwa kwenye mpango wa namna hiyo. Halijibiwi kwenye kiwanja.

Tathmini hii si dawa ya kila kitu, na nawaogopa wanaoihubiri hivyo. Inaweza kufanywa mapambo, ikaandikwa baada ya uamuzi kupita ili faili litimie. Hata nia njema yenye matokeo hudanganya. Mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, uliondoa mifugo yote katika eneo lililoliwa na mmomonyoko Kondoa mwaka 1979. Miti ikarudi, majani yakarudi, wageni wakaja kujifunza. Makumi ya maelfu ya mifugo hawakuyeyuka. Walikwenda mahali, wakala majani ya mahali hapo. Tathmini iliyochora mpaka wake Kondoa ingeupa mradi alama zote.

Mabadiliko yangu yamenigharimu. Mwenye kituo cha mafuta analipa nusu kabla na nusu cheti kikitoka. Mpango hauna mwenyewe anayebisha hodi na bahasha, na tathmini yake ikiwa haikuwekwa kwenye bajeti ya wizara au halmashauri, haipo. TAM bado nafanya, nina watoto shuleni. Ila siku hizi nikipewa kisima kirefu naandika, hata kama hakuna aliyeniuliza, ni visima vingapi vingine vinavyonyonya bonde hilohilo kwa kadiri nilivyoweza kuhesabu, na mteja mmoja tayari amenitafutia mbadala.

Kalenda yangu pia imegeuka. Zamani msimu wangu ulikuwa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, wageni wakijaa mjini na wenye fedha wakitafuta viwanja. Kumbe wakati huo mambo yameshaamuliwa. Mapendekezo ya mpango wa mwaka ujao hujadiliwa bungeni Novemba, na mezani kwa maofisa mipango yanakuwepo mapema zaidi, yangali kwenye penseli. Kwa hiyo sasa huanza mizunguko yangu Septemba, jua likiwa kali na vumbi limetanda. Naingia ofisini, nasalimia, naomba rasimu. Afisa mmoja alinitazama kwa huruma: "Mama, mbona umekuja mapema hivi? Hatujaamua kitu." Nikavuta kiti.