Maziwa Yasiyotiwa Maji

Katekisimu Fupi ya Westminster, iliyokamilika mjini London mwaka 1647, ina maswali 107 yaliyotungiwa wachanga wa imani. Wamisionari wa Kiskoti waliohama Kibwezi kwenda Kikuyu mwaka 1898 walikuja na mafundisho hayo yenye asili kwa John Calvin; hata jina Thogoto, yasemekana, lina chimbuko katika Uskoti wao.

Huko ndiko mzee mmoja wa kanisa alikoulizwa na mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo kikuu: "Guka, iwapo Mungu alikwisha kuwateua walio wake, kujitaabisha kutenda mema kuna faida gani?"

Jibu la kukariri lingekuwa rahisi, na lingepotea bure. Mzee aligonga debe lililokuwa miguuni pake.

"Maziwa haya sikuyatia maji. Si ili nipendwe. Nilipendwa kabla sijazaliwa. Hii ni shukrani yangu."

"Na jirani anayetia maji, yeye hakupendwa?"

Mzee alinyamaza kitambo.

"Hilo sikukabidhiwa mimi kulijua. Shika upande huo wa debe. Gari la maziwa halingoji."