Kobe wa Staa na Vijiwe vya Pinki: Jamani, Kobe Anataka Udongo!

Ile video ya kobe najua wengi mmeshaiona. Kwa wale mliokuwa shamba: kuna dada mmoja maarufu wa huku kwetu kusini, jina naliweka kapuni, kajirekodi na kobe wake sebuleni. Kobe kawekwa kwenye beseni kubwa, chini kumwagwa vile vijiwe vya rangi vya kupambia maua, bluu na pinki. Kafungwa na utepe mgongoni. Laiki kibao. Watu wa Nachingwea na Ruangwa tukajazana kwenye komenti, huyu anacheka, yule anauliza bei.

Mimi sikucheka. Nilipomaliza fomu foo nilipata kibarua cha bustani kwenye hoteli moja huko pwani. Walikuwa na kobe, wana na kibali chao. Mwaka mzima kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kusafisha banda la kobe. Mzee aliyenipokea aliniambia, "Kijana, kobe muangalie miguu kwanza, gamba litakudanganya." Basi kwenye ile video niliangalia miguu. Kucha zimelika. Mguu mmoja wa nyuma anauburuta. Na mdomoni, kama ukisimamisha video vizuri, kashika kijiwe cha pinki.

Hapo ndipo penye hatari. Kobe anaona kitu chenye rangi, anadhani ni ua au tunda, anakimeza. Vijiwe vikijaa tumboni utumbo unaziba, na kobe hapigi kelele. Anaacha kula tu, mnadhani kanuna, kumbe ndiyo anakufa hivyo.

Wengine mtasema basi awekwe kwenye vigae au saruji, pasafi. Hapana wadau. Kwenye kigae miguu inateleza, na yule mdogo anaweza kukua miguu imetawanyika. Saruji inakwangua kucha na ngozi ya chini, mchana inaungua, usiku inakuwa baridi. Na kobe hana joto lake mwenyewe kama sisi, analichukua juani na ardhini. Huku kwetu Juni na Julai usiku unavyopiga ubaridi, kumlaza kwenye saruji ni kumtesa.

Sasa alale kwenye nini? Jibu ni rahisi mpaka linaudhi: udongo. Pale hotelini tulichanganya udongo wa kawaida wa bustani, ambao haujawekwa mbolea ya dukani wala dawa, na mchanga kidogo ili maji yasituame. Tulijaza kina cha kama sentimita 15, kwa sababu kobe anapenda kujichimbia, na jike akitaka kutaga lazima achimbe. Juu tukatandaza nyasi kavu na majani makavu. Pembeni kivuli, na kisahani cha maji kifupi ambacho anaweza kuingia na kutoka mwenyewe. Kinyesi unaokota kila siku, majani yaliyolowa unatoa, maana akikaa kwenye tope siku nyingi gamba la chini linaoza.

Ila kwa watu wa Nachingwea na Ruangwa nina la kuongeza, kwa sababu huku kila kitu ni korosho. Usimtandikie maganda ya korosho. Wote tunajua yale mafuta yanavyobabua vidole, sasa fikiria tumbo la kobe linaloburuzwa juu yake. Na majani ya mkorosho usiyazoe msimu wa kupulizia salfa, hata ukipewa bure. Maganda ya karanga yakipata unyevu yanaota ukungu. Vumbi la mbao la fundi seremala linamwingia puani na machoni. Makumbi ya nazi yaliyopondwa ndiyo mazuri, yanashika unyevu bila kuwa tope. Wazungu wananunua hayo hayo kwa ajili ya kobe wao, yamefungashwa, sisi tunayachomea moto.

Kitu kingine, kobe siyo wote sawa. Yule mwenye gamba lililobinuka juu, madoa ya njano na meusi, ni wa nyasi na pakavu. Kuna mwingine gamba lake la nyuma linafunga kama mlango akiogopa, huyo anapenda majani yenye unyevunyevu na kivuli. Na yule bapa kama chapati ni wa kwenye nyufa za mawe, na tangu 2019 biashara ya kimataifa ya kobe bapa wanaotolewa porini imepigwa marufuku kabisa. Hata wale wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao asili yao ni wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, ukienda utawakuta chini ya miti, juu ya ardhi. Hakuna aliyewawekea kapeti.

Sasa turudi kwa dada yetu. Nilimtumia meseji inboksi. Siku ya pili akajibu, "Kaka, mimi nilimnunua kwa vijana barabarani, nilimuonea huruma." Nikamwelekeza habari ya udongo. Halafu nikamwambia na lile gumu: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema mnyamapori ni mali ya umma, na kukaa naye bila kibali ni kosa. Akanyamaza siku tatu. Najua alichokuwa anawaza: polisi, aibu, mashabiki.

Na ndiyo maana wale mnaonisumbua nimtaje, sitamtaja. Mkimvamia ataogopa, na mtu akiogopa anamtupa kobe porini usiku, mguu mbovu na tumbo lina vijiwe. Atakayeumia siyo staa, ni kobe.

Juzi kanitumia picha. Kobe yuko uani, hana utepe, kajichimbia kwenye udongo mpaka nusu ya gamba. Chini kaandika, "Leo kala." Na kaniambia Jumatatu anakwenda na mjomba wake ofisi ya maliasili kumkabidhi, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Bado anaogopa. Mimi nimemwambia nitamsindikiza.

Kwa hiyo wewe uliyeuliza bei kwenye komenti: usinunue. Ukimnunua mmoja, wale vijana kesho wanarudi porini kufuata mwingine. Kama una kibali na una uwanja, anza na udongo kabla hujafikiria picha. Kama huna, ukikutana naye barabarani mvushe upande aliokuwa anaelekea, kisha endelea na safari yako.

Wewe ungekuwa huyo dada, ungekwenda ofisini mwenyewe au ungenyamaza? Dondosha maoni yako, ila matusi na majina ya watu nafuta.