Chungu Kimoja Mjini Guangzhou

Baada ya Swala ya Ijumaa katika Msikiti wa Huaisheng, mzee wetu mweka hazina nami tulitoka kimya. Kamati ilikuwa imetutuma Guangzhou kununua taa na vipaza sauti vya msikiti, na tangu asubuhi tulikuwa tumehitilafiana juu ya bei.

Tukaingia mgahawa mdogo mtaani Xiaobei, wenye maandishi ya qingzhen mlangoni, yaani chakula halali. Jambo hilo halipuuzwi: wali wa chungu wa Kikantoni aghalabu huwekewa soseji za nguruwe, na nyama yake huweza kulowekwa kwa mvinyo. Hapa palikuwa na ng'ombe na kuku tu, alhamdulillahi.

Mchele hutiwa mbichi katika chungu cha udongo juu ya moto mkali. Maji yakikaribia kukauka, nyama hupangwa juu yake, kisha chungu hufunikwa. Mpishi hukiinamisha na kukizungusha ili moto ufike ubavuni. Ndiyo maana mteja hungoja sana, nasi tulingoja, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Kilipoletwa kikifuka mvuke, tulimiminia sosi ya soya, tukasema Bismillahi, tukala pamoja. Chini kulikuwa na ukoko mkavu, wenye harufu nzuri. Kwetu watoto huugombania. Mzee akaubandua kwa kijiko, akauvunja vipande viwili, akanisogezea kile kikubwa.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kisha unisomee tena zile bei."