Uchawi wa Kuazima

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974: watu huigiza mashujaa wa hadithi na kurusha dadu. Kwa kanuni zake za kwanza, mchawi mchanga hutamka uchawi mmoja tu kwa siku. Akishautamka, husahau maneno yake mpaka ajifunze upya. Mwanangu aliona hiyo ni dhuluma. Basi nami nikaazima utaratibu wa RuneQuest, mchezo wa mwaka 1978, ambamo uchawi hulipiwa kwa pointi za nguvu ya roho, nazo hurudi baada ya siku.

Nikampa pointi 12. Jioni ile aliwamaliza maadui peke yake. Dada yake, askari wa upanga, hakurusha dadu hata mara moja. Wiki iliyofuata akasema ana kazi za shule.

Kosa lilikuwa langu. Katika RuneQuest karibu kila shujaa anajua uchawi kidogo. Hata askari hunoa upanga wake kwa maneno. Mimi nilihamisha nusu ya utaratibu, na nusu hiyo nikampa mtoto mmoja. Nikamwita binti yangu, nikamwandikia pointi zake. Alizihesabu mara mbili kabla ya kuketi.