Wimbo Ugenini: Kutoka New York hadi Chimwaga

Mshairi Lorenzo Da Ponte, aliyemtungia Mozart maneno ya opera ya Don Giovanni mwaka 1787, alimalizia umri wake jijini New York, akifundisha Kiitaliano na kuuza vitabu. Tarehe 29 Novemba 1825, kundi la Manuel García lilifungua pazia katika Park Theatre kwa opera ya Rossini, Il barbiere di Siviglia, ikaimbwa kwa Kiitaliano mwanzo hadi mwisho. Mwaka uliofuata ikafuata Don Giovanni, na mzee yule akaletewa maneno yake mbele ya hadhira ambayo sehemu kubwa haikuijua lugha yake.

Wapo waliokwenda kuonekana zaidi kuliko kusikiliza, kwani kiti cha opera kilikuwa cheo. Wapo waliofuatisha kwa kijitabu, Kiitaliano upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Hatimaye nyimbo zenyewe zikatoka ukumbini: bendi za matarumbeta zikazipiga, na makundi ya kusafiri yakaziimba kwa Kiingereza. Walakini ukumbi maalumu ambao Da Ponte aliuhangaikia, uliofunguliwa mwaka 1833, haukudumu. Madeni yaliushinda nguvu.

Msomaji wa visiwani hatastaajabu. Tarabu iliyoletwa kutoka Misri zama za Sultani Barghash (1870–1888) iliimbwa kwa Kiarabu, na waliokaa nje ya kasri hawakupata ila mwangwi. Siti binti Saad na wenzake walipoiimba kwa Kiswahili, katika santuri zilizorekodiwa Bombay tangu 1928, ndipo wimbo ulipopata mwenyewe.

Safari hiyo ilipitiwa pia na watu wa bara, kwa mwelekeo wa kinyume. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alichukuliwa kijijini na kuingizwa katika jukwaa la taifa enzi za Mwalimu Nyerere, kisha akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981. Kwa zeze, marimba ya vidole na sauti iliyopanda na kushuka kama vilima vya Ugogo, alizunguka Ulaya na kwingineko hadi alipofariki mwezi Desemba 2003. Watu walimshangilia kwa dhati. Lakini walishangilia nini, ilhali Kigogo hawakukijua?

Husemwa kwamba muziki hauhitaji mkalimani. Kauli hiyo ni nusu ya kweli. Chukua jina la santuri yake ya mwaka 1996, Chibite. Kwa mgeni ni mlio mtamu tu. Kwa Mgogo ni neno kamili: chi- ni sisi, sawa na tu- ya Kiswahili, na jumla yake ni “twende”. Asiyeelewa amesikia sauti ya mtu, aliyeelewa ameitwa.

Wala si Mzungu peke yake aliyebaki mlangoni. Ukumbi wa Chimwaga, nje ya mji wa Dodoma, ulikuwa makao ya mikutano mikuu ya CCM kabla ya Chuo Kikuu cha Dodoma kuanzishwa mwaka 2007 katika eneo hilo. Ni desturi ya mikutano ya namna ile kupambwa kwa ngoma za wenyeji. Wanawake wa Kigogo hupiga muheme, ngoma iliyofungamana na unyago wa mabinti, na wageni kutoka kila mkoa hupiga makofi, kisha ajenda huendelea. Yaliyoimbwa yalikuwa mawaidha, lakini yalipokewa kama mapambo.

Tangu mwaka 2009, tamasha la muziki wa Wagogo la Chamwino limewapa wenyeji jukwaa lao, karibu na wanaoelewa. Hilo ni jema, ila halitoshi. Wakazi wa New York, pamoja na majivuno yao yote, walipewa kijitabu. Mtanzania anayemsikiliza Mgogo, ndugu yake wa lugha za Kibantu, aghalabu hapewi hata ukurasa mmoja. Kazi hiyo ni ya watafsiri na washairi: kuketi na wazee wa Ugogo, kuandika maneno kama yalivyo, na kuweka Kiswahili ubavuni mwake. Wazee hao wanapungua, na maneno mengi bado yamo vifuani mwao.