Masanduku ya Gazi

Tukitoka Diani kwenda Msambweni twapita Gazi, mji wa Mbaruk bin Rashid, aliyepigana na Waingereza 1895 hadi 1896. Historia ya Mazrui wa Mombasa aliiandika Sheikh Al-Amin bin Ali kwa Kiarabu. Akafariki 1947, kitabu kikachapishwa 1995. Tenzi na mashairi aliyokusanya William Taylor huko Mombasa, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, yako London. Yamehifadhika vyema, hatukatai, ila wajukuu wako mbali nayo. Yaliyosalia, barua na hati za mirathi, yamo masandukuni mwa bibi zetu, na mchwa hawangoji. Enyi mama zetu, mtafiti akija, apige picha kila ukurasa papo hapo barazani, aandike jina la mwenye hati, kisha asili irudi sandukuni.