Si Ukaidi wa Punda, Bali ni Hofu

Karibu na Mto Tana, mjini Garissa, punda avutaye mkokoteni wa maji husimama ghafula. Mbele yake pana gunia lipeperushwalo na upepo, au dimbwi dogo la maji, au lori liungurumalo. Mwenyewe huinua fimbo, na wapitao husema, "Punda ni mkaidi." Tena wanayo methali ya kale: asante ya punda ni mateke.

Lakini mnyama huyu husingiziwa. Asili yake ni punda-mwitu wa Pembe ya Afrika, naye alianza kufugwa katika Afrika ya Mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita. Katika nchi ya mawe, akimbiaye ovyo huweza kuvunjika mguu. Farasi akiogopa hukimbia. Punda husimama kwanza atazame. Macho yake yapo kandoni mwa kichwa, basi huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na mbele tu ya pua. Amwendeaye kwa nyuma kimya humshtua, ndipo mateke hutoka. Na akiogopa maji ya mto hana kosa, kwani Tana ina mamba.

Kipigo hakiondoi hofu, bali huizidisha. Fimbo ikimwangukia karibu na lori, punda hujifunza kwamba lori huleta maumivu, wala hasahau upesi.

Mwenye busara hutenda vingine. Kwanza huchungua kama kamba za mkokoteni zimemchubua, kwa maana mwenye kidonda huogopa hata mkono. Kisha humwacha atazame na kunusa. Yeye mwenyewe hutangulia, au humtanguliza punda mwingine mtulivu aliyezoeana naye. Kama ni lori, humsimamisha mbali kwanza, na kila siku humsogeza hatua chache, akimpa majani kidogo atuliapo. Husema naye kwa sauti ya chini, tena humjia kwa ubavuni ili aonekane.

Kazi hiyo yataka siku nyingi. Lakini punda akivunjika mguu kwa kukurupuka, au akiikataa kabisa njia ya mtoni, mitungi huhamia migongoni mwa akina mama na watoto, na riziki ya nyumba hukatika. Afadhali basi kungoja kidogo penye dimbwi, kuliko kubaki na mkokoteni usio na wa kuuvuta.